Mwenye Nyumba Aliyelinda Betri

Kila siku baada ya sala ya alasiri simu yangu ililia, na kabla sijafungua kinywa sauti ya bibi mmoja iliniambia, "Kijani," kisha ikakata. Hakuna salamu, hakuna kwaheri. Huyo alikuwa Mwenye Nyumba. Jina lake nalijua vizuri, na mtaa mzima wa Hamriya, hapa Maskati, wanalijua, lakini sisi mafundi tulimwita hivyo kwa sababu mnara wetu wa simu ulikaa juu ya paa la nyumba yake. Mbele yake nilimwita Bi Mkubwa. Ningethubutu kumwita vinginevyo, kahawa nisingeiona.

Kijani ilikuwa rangi ya taa ndogo iliyoko kwenye kabati la betri. Umeme wa mji ukikatika, betri zile ndizo zinazoushikilia mnara mpaka umeme urudi, na watu wanaendelea kuongea bila kujua kwamba kuna lililotokea. Taa ikiwa kijani, betri zimejaa na mambo ni salama. Mwenye Nyumba alipanda ngazi kila alasiri, na magoti yake yale, kwenda kuitazama taa hiyo. Nilimtuma mimi. Na hakukuwa na haja yoyote ya kumtuma.

Ningependa kumweleza mama huyu kama watu wanavyowaeleza wazee wao, kwa chapati zake na ukali wake, na nitafanya hivyo. Lakini siwezi kufika huko kabla sijasema hili. Kwa neno langu mimi, aliamini kwamba betri haziwezi kuachwa bila mtu, na kwa ajili ya neno hilo hakwenda Tabora dada yake alipoumwa. Dada akafa hawajaonana. Mwenye Nyumba hajui hadi leo kwamba angeweza kwenda akakaa mwezi mzima, na betri zisingetambua kama yupo au hayupo. Mimi najua, na kujua huko kunanila.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, ya ghorofa, kwenye kichochoro nyuma ya maduka. Chini alipanga fundi cherehani wa Kibangladeshi, ambaye Mwenye Nyumba aligombana naye kila asubuhi na kumpelekea chakula kila Ijumaa. Ugomvi ulikuwa juu ya pini. Aliziokota kwenye ngazi, akazikusanya ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo likijaa alimrudishia pamoja na maneno yake. Nilimuuliza kwa nini asizitupe tu.

"Kitu cha watu hicho," akaniambia.

Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake kwa kila kisichokuwa chake: pini, paka wa jirani, mzigo ulioletwa mlango usio wake, betri zetu. Akishasema kitu cha watu, ujue hatakitupa, hatakitumia, na hatakuacha upumue mpaka uje ukichukue. Nimeona akimfuata mtu mpaka kituo cha teksi kwa sababu ya mwavuli. Mwavuli, Maskati, ambako mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuipiga picha.

Alikuwa mjane, na mwanamume asiye ndugu yake hakai ndani mlango umefungwa. Basi nilipokuwa kwake mlango wa sebule ulikuwa wazi wote, umezuiwa kwa kinu, na kiyoyozi kikipoza ngazi mpaka chini kwa fundi cherehani. Na ni Mwenye Nyumba huyo huyo aliyewahi kunifokea kwa kuacha bomba likidondoka. Nilipomtania kwamba anaupoza mtaa mzima, alinijibu, "Waache wapoe. Wakipata baridi watasahau kunisema." Yeye mwenyewe alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, nusu ndani nusu nje, akinisimamia kazi. Sikuwahi kufunga nati hata moja asiulize kama imekaza.

Nimemjua tangu enzi za betri za zamani, zile nzito zilizotaka kupimwa na kufutwa kila mwezi. Enzi hizo sikuhitaji kisingizio cha kwenda. Kisha zikaletwa za lithiamu. Hizi zinajitegemea: umeme ukirudi zinajichaji, zikijaa zinaacha, na zikipata hitilafu zinapeleka habari ofisini zenyewe. Siku tulipozifunga, msimamizi wetu alisugua mikono akasema saiti hii sasa tutaisahau. Mimi sikufurahi. Nilikuja huku kutoka Tanga kufuata kazi, na katika mji wote huu hakuna mwingine aliyekuwa akiniita mwanangu.

Sasa nieleze siku nilipolazimika kuzichaji kwa mkono. Ilikuwa kiangazi, watu wako sikukuu, swichi kuu ya pale juu ikaungua. Ofisini hakukuwa na mtu wa kusoma taarifa. Betri zikaubeba mnara mpaka zikaishiwa kabisa, na betri hizi zikiishiwa namna ile hujifunga: hazitoi umeme wala hazipokei, mpaka mtu aje aziamshe kwa chaja, kidogo kidogo, huku akizitazama. Na haziamshwi katika joto kali. Juu ya paa siku ile hata mpini wa kabati ulikuwa haushikiki. Nikaona nizipeleke karakana.

"Wazipeleka wapi?" Mwenye Nyumba alikuwa amesimama kwenye ngazi, mkono kiunoni.

"Karakana, Bi Mkubwa. Hapa juu joto, hazichajiki."

"Na sebule yangu ina kasoro gani?"

Nikamweleza kwamba sebule ya mtu si karakana. Akaniuliza kama karakana yetu ina kiyoyozi. Nikasema ipo siku kinafanya kazi na ipo siku hakifanyi.

"Khalas, yamekwisha," akasema, akaingia ndani kukunja zulia.

Nikazishusha moja moja, mgongo ukinilaumu kila ngazi, nikazipanga sakafuni na kuziunganisha na chaja. Nikakaa kuzitazama. Kuchaji betri iliyojifunga ni kazi ya kusubiri tu: unagusa, unasoma namba, unasubiri tena. Mwenye Nyumba hakuweza kuvumilia kumwona mtu anasubiri bila kula. Zikaja chapati, ukaja mchuzi wa samaki, ikaja kahawa na tende. Mwisho akaja yeye na chetezo, makaa yanawaka, ubani unafuka, akielekea moja kwa moja kwenye betri.

Niliruka. "Bi Mkubwa! Moto na hizi haviwekwi pamoja!"

"Mgeni aingie kwangu asifukizwe?"

"Huyu hafukizwi, wallahi."

"Mgeni gani huyu," akasema. Akafikiri kidogo, kisha akanigeuzia chetezo mimi, akanifukiza kichwa na shati la kazi mpaka nikakohoa. Ndipo akacheka. Hakuwa mwepesi wa kucheka, na alipocheka alijifunika uso kwa ncha ya mtandio, akitikisika mabega. Nilirudi nyumbani siku ile nanukia kama bwana harusi.

Siku hiyo hiyo aliniuliza kama betri lazima zijazwe pomoni. Nikamweleza kwamba hizi za kazini ndiyo, lakini zile za akiba tunazoziweka ghalani tunaziacha karibu nusu, maana ikikaa bure huku imejaa inachakaa upesi. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa siri. Tangu hapo akawa anaichaji simu yake mpaka nusu, halafu anaizima ili isichakae, anaiwasha baada ya alasiri kunipigia mimi. Mwanawe akilalamika kwamba mama hapatikani, anajibiwa kwamba fundi ndiye aliyesema. Kwa hiyo aliyelinda simu za watu wote yake ilikuwa imezimwa. Wakati huo nililiona ni jambo la kuchekesha, nikawahadithia wenzangu kazini.

Mwanawe huyo alifika betri zikiwa bado zinachajiwa. Ni mtu mpole, mfanyakazi wa serikali, kanzu yake ya dishdasha haina hata mkunjo mmoja. Anakaa Mawaleh, mbali na Hamriya, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, na chumba cha mama alikitenga tangu siku ya kuchora ramani. Aliruka nyaya zangu, akambusu mama yake kichwani, akakaa.

"Mama, nyumba hii imechoka. Na ngazi hizi zitakuangusha. Chumba chako kipo, wajukuu wako wapo. Wangoja nini?"

"Na mzigo wa watu ulioko juu?"

"Mzigo gani?"

"Hizo hapo. Umeziona? Zimezimia. Nsingekuwepo mimi ingekuwaje? Mwambie, fundi."

Mwanawe akanigeukia. Hakunigeukia kwa hasira. Alikuwa anataka kujua tu. "Yaani, fundi, kweli zataka mtu hizi?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa chapati ya mama yake. Mwenye Nyumba alikuwa anamimina kahawa, hanitazami, lakini kahawa ilikuwa imekwisha kujaa kwenye kikombe na yeye bado anamimina. Mimi nilivyolelewa, huwezi kula cha mtu na hapo hapo ukamkanusha mbele ya mwanawe. Nikameza.

"Zataka mtu karibu, sheikh," nikasema. "Si lazima fundi. Mtu tu, wa kuangalia taa."

Mwanawe akasema, "Basi, inshallah," kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi. Mwenye Nyumba akafuta kahawa iliyomwagika. Ndivyo alivyobaki Hamriya, katika nyumba yake, kwa ushahidi wangu.

Nimejaribu sana kulipamba jambo hili. Nimejiambia kwamba haukuwa uongo mtupu, maana betri zilikuwa zimezimia kweli. Lakini zilizimia kwa sababu ya swichi mbovu na watu kuwa likizo, na tukishabadilisha swichi hazikuwa na shida na mtu yeyote. Nimejiambia kwamba nilimsaidia mama abaki kwake, na hilo ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba nilijisaidia mimi, niendelee kupata mahali pa kwenda. Na uongo ukishausema lazima uupe miguu. Ndipo nilipompa kazi: kila alasiri apande, atazame taa, anipigie. Nilidhani atachoka baada ya wiki.

Hakuchoka. Kijani ilinikuta kwa kinyozi, ikanikuta kwenye foleni ya benki, ikanikuta nimening'inia kwenye mnara mwingine huko Qantab, mkono mmoja umeshika chuma. Nisipopokea alipiga tena na tena mpaka nipokee, kwa sababu kitu cha watu hakiachwi kwenye simu inayolia tu. Nilipomwambia kwamba akiruka siku moja si neno, alinijibu, "Wewe waruka siku kula?" Nilipokwenda likizo Tanga kumwona mama yangu, kijani ilivuka bahari ikanikuta huko, nimekaa barazani, na mama yangu mzazi akaniuliza nani huyo anayenipigia kila siku kuniambia rangi. Tulicheka wote wawili. Kila nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze, kwa sababu mimi nilikuwa nimeondoka kazini kwenda kumwona mtu wangu na hakuna taa iliyonizuia.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, na akibanwa aliweza kukwepa kuliko mimi. Kuna wakati macho yake yalianza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, akakataa kabisa kuonwa na daktari kwa sababu daktari angemlaza. Siku moja nilipita kwake bila kutarajiwa, nikapanda juu, nikakuta taa ni ya manjano. Hitilafu ndogo, na ofisini walikuwa na taarifa yake tayari. Lakini yeye jana yake alikuwa amenipigia, "Kijani," bila kusita.

"Bi Mkubwa, umeiona kweli taa jana?"

"Nimeiona."

"Rangi gani?"

"Kijani. Nshakwambia."

"Ni manjano."

Akajitengeneza kwenye kiti chake cha plastiki. "Macho yangu hayaoni vizuri, haya, umefurahi? Lakini simu si ilikwenda? Ingekuwa mbaya ningekupigiaje?"

Alikuwa amebakisha hatua moja kuufikia ukweli, kwamba kama simu inakwenda basi kupanda kwake hakuna kazi, na mimi niliyekaa mbele yake niliomba kimoyomoyo asiifikie. Nikamwambia hesabu zake ni nzuri. Nikanywa kahawa, nikaondoka.

Dada yake alibaki Tabora, walikokulia, ndugu wengine walipohamia huku. Walikuwa wakiongea kwa simu, na kwa jinsi nilivyosikia, kuongea kwao kulikuwa kugombana: nani alivunja mtungi, nani alichapwa kwa kosa la mwenzake, baba alimpenda nani. Mambo ya utotoni, wanayagombania kama yametokea jana. Akimaliza ugomvi huo uso wake ulikuwa umenawiri. Alisema dada yake ndiye mtu pekee duniani aliyebaki wa kumwita kwa jina lake la utoto.

Alasiri moja simu ililia. "Kijani," akasema, na hakukata. Nilikuwa garini, nikasogea pembeni ya barabara.

"Dada hajiwezi," akasema. "Waniita."

"Pole sana, Bi Mkubwa."

"Mwanangu ataka kunipeleka. Nimemwambia nnayo amana ya watu."

Kisha akangoja. Magari yalikuwa yananipita. Nilikuwa na la kusema, na halikuwa refu: nenda, hazikuhitaji. Nikawaza kwamba nikilisema, mwanawe atalisikia, na mama akirudi kutoka Tabora atashushwa Mawaleh moja kwa moja, na nyumba ya Hamriya itafungwa. Nikajiambia naichunga nyumba yake. Lakini nilichokichunga zaidi ni uso wangu mimi, nisionekane mwongo mbele ya mama na mwana kwa mara moja.

"Mungu atamponya," nikasema.

"Amin," akasema, akakata.

Siku zilizofuata nilikuwa nasikiliza ile kijani kama daktari anavyosikiliza kifua, nikitafuta kilichomo ndani yake. Halafu siku ikafika. "Kijani," akasema. "Dada amefariki. Wamemzika asubuhi. Walinipigia, simu ilikuwa imezimwa." Alikuwa ameiwasha simu ili anipigie mimi, na ndipo habari ikamkuta. Hata hivyo alianza na kijani.

Nilikwenda kuhani. Nikakaa na wanaume, nikasoma Fatiha, nikapeana mkono na mwanawe, akanishukuru kwa kufika. Nilitamani anitukane. Mlango wa chumba cha wanawake ulipofunguka nilimwona kwa mbali, amekaa chini ameegemea ukuta, mdogo kuliko nilivyomzoea. Sikuingia kumpa pole. Nilisingizia kazi.

Baada ya msiba hakubisha tena. Mwanawe alimwambia twende ukatolewe mtoto wa jicho, akaenda. Akamwambia upone kwangu, akakubali. Kiti cha plastiki kilibaki mlangoni, na yeye hakurudi. Kwa hiyo hata ile nyumba niliyojidai kuichunga hakuipata. Alasiri ya kwanza ambayo simu haikulia nilijikuta nimeishika mkononi, naitazama.

Mwezi uliopita mwanawe alinipigia akasema mama ananiulizia, nije Ijumaa. Njiani kwenda Mawaleh nilikuwa nasema peke yangu garini, najifunza maneno. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Nilijiambia ana haki ya kujua.

Ni nyumba nzuri, haina ngazi hata moja. Nilimkuta kwenye majlis, sebule ya wageni, amekonda, lakini macho maangavu. Nikamwamkia shikamoo. Akaniangalia kwa muda.

"Marahaba. Kumbe una mvi," akasema. "Miaka yote hiyo nlikuwa nnamlisha mzee."

Mwanawe alikuwepo, na mwanamke mmoja mtu mzima, mwalimu wa shule, mgeni kutoka Tabora. Alikuwa binti wa marehemu dada yake. Alinitazama kwanza, ndipo akamgeukia Mwenye Nyumba.

"Ndiye huyu, mama mdogo?"

"Ndiye."

Yule binti akanipa mkono. "Tunakujua sana kwetu. Mama alipolazwa, kila aliyekuja kumwona alimwambia: mdogo wangu hawezi kuja, yuko Maskati anakalia mitambo ya simu, akitoka pale mji mzima hawasikilizani. Alitamba, jamani. Hadi manesi walichoka."

Tukacheka kidogo, cheko la msibani. Kisha uso wake ukabadilika.

"Yeye alitamba, mimi nilikasirika. Nimekuja na hasira hiyo mpaka huku. Nimemuuliza mama mdogo, ananiambia nikuulize wewe. Kaka, niambie kweli. Angekuja hata wiki moja tu, ingekuwaje?"

Mwenye Nyumba aliweka kikombe chini. Macho yake mapya yalinikazia, na nikaona kwamba swali lile halikuwa la yule binti peke yake. Mwenye Nyumba mwenyewe alikuwa amelilalia na kuliamkia muda wote huo, na hakuthubutu kuliuliza kwa mdomo wake. Maneno niliyojifunza garini yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikiyasema mimi nitapumua, na yeye atakuwa mwanamke aliyemwacha dada yake afe kwa ajili ya taa isiyokuwa na maana, mbele ya binti wa dada huyo.

"Simu zingekatika," nikasema. "Hamriya nzima. Za nyumbani, za zahanati, zote. Tulikuwa tunamtegemea yeye."

Nilisema mengi kuliko yaliyohitajika. Mwanawe aliinamia kikombe chake na hakuinua kichwa. Sijui anajua nini, na sitamuuliza. Yule binti akainuka, akapiga magoti mbele ya mama yake mdogo, akamshika mikono yote miwili.

"Nisamehe, mama mdogo."

"Hukunikosea, mwanangu," akasema Mwenye Nyumba, na machozi yakaanza kumtoka, akayaacha yatoke.

Nilipoaga alisisitiza kunishindikiza mpaka getini, ameniegemea mkono. Tulikwenda polepole. Kule Hamriya nyumba ya juu imefungwa tangu aondoke, hakuna anayepanda. Umeme umekatika na kurudi, betri zimetoa na zimejichaji, na hakuna aliyezitazama.

"Na sasa yuko nani kule?" akaniuliza.

"Yupo mtu," nikasema.

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

"Ana ndugu mbali?"

"Anao, Bi Mkubwa."

Akasimama. "Basi mwambie, akiitwa na nduguye aende. Akwambie wewe umkalie zamu hizo siku mbili tatu. Mimi ungenikalia, sivyo?"

"Ningekukalia."

"Nnajua. Mimi ndiye sikukuuliza. Siku ile nliyokupigia nlitaka kukuuliza, nikaona haya kukutaabisha." Akanifinya mkono. "Yeye asione haya. Utamwambia?"

Nikasema nitamwambia.